Mjomba Anapasha Gari Moto

Kwetu Munje, huku pwani, hakuna baridi. Nalisema hili nikijua wapo watakaonibishia, tena watanibishia wakiwa wamevaa sweta. Ifikapo Julai na Agosti, kusi likishika kasi na mawingu yakitanda juu ya minazi tangu asubuhi, wazee wetu hujifunika shuka mpaka masikioni. Watoto hupelekwa madrasa na boshori za sufu ambazo aliyezifuma bila shaka alikuwa akiwafikiria watu wa Nyahururu, na kina mama wakikutana kisimani hawaanzi kwa kujuliana hali. Huanza na "Jamani, hii baridi ya mwaka huu mwaionaje?" Kipimajoto hakina adabu wala hakijui kumstahi mtu mzima: alfajiri hiyohiyo husoma nyuzi 20 na ushei. Mgeni aliyelala Limuru jana akishuka Munje asubuhi hiyo, kitu cha kwanza ni kuvua koti.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba Mjomba wangu, anapolipasha gari lake moto kila asubuhi kabla ya kuling'oa, hapambani na hali ya hewa. Adui wa gari kwetu ni chumvi. Upepo wa bahari hula chuma usiku na mchana, ukaanza na ekzosi, ukamalizia na milango, na mtu mwenye akili angeamka alfajiri kuliosha gari kwa maji baridi. Mjomba huamka kulipa joto.

Utaratibu wenyewe hauna haraka. Akishaswali, hutoka na koti zito la rangi ya kahawia lililofungwa vifungo vyote, hufungua boneti na kuchomoa kijiti cha kupimia oili. Hukipangusa kwa kitambaa ambacho zamani kilikuwa kanga ya mkewe, Shangazi, hukitumbukiza tena, hukichomoa, kisha hukiinua juu na kukitazama kama mtu anayetafuta mwezi mwandamo. Oili huwa iko palepale ilipokuwa jana. Baada ya hapo huingia, hupiga Bismillahi, hupiga stata, na gari huwaka mara moja tu, maana halina ugonjwa wowote. Basi hapo ndipo yeye hushuka, huliacha likinguruma peke yake chini ya mwembe, akaenda kuketi barazani kunywa chai ya tangawizi kwa mahamri. Ukimwuliza, "Mjomba, bado?" huinamisha sikio kidogo, akatafuna, akameza, kisha akasema, "Bado. Huisikii? Ina makamasi hiyo."

Tabia hii ina chimbuko lake, na kwa kumtendea haki lazima nilieleze. Miaka ya sabini na themanini Mjomba alikuwa dereva wa kiwanda cha majani chai huko Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mwezi wa Julai ukungu hushuka mpaka magotini na vidole hukataa kushika ufunguo. Gari alilopewa lilikuwa Peugeot 504, yale yaliyokuwa yakiunganishwa hapahapa Mombasa. Lilitumia kabureta, na kabureta asubuhi ya baridi ni mtu wa kubembelezwa. Petroli ikiwa baridi haitaki kugeuka mvuke, na isipogeuka mvuke haishiki moto vizuri. Kwa hiyo dereva alivuta choki, kile kishikio cha kubana hewa ili petroli izidi, akaiachia polepole kadiri injini ilivyopata joto. Aliyekosa subira alizimikiwa na gari kwenye kilima cha kwanza, meneja akiwa kiti cha nyuma na saa mkononi.

Ndivyo Mjomba alivyofunzwa kazi, na hakufunzwa vibaya. Gari la jina hilohilo, Peugeot 504, lilishinda Safari Rally mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na likashinda tena mwaka 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Mjomba husimulia ushindi wote wawili kwa namna ya kukufanya uamini kwamba alfajiri ya mashindano ni yeye aliyelipasha moto. Alipostaafu alirudi Munje na lile koti pamoja na itikadi moja: injini baridi ni injini mgonjwa, na mgonjwa hakimbizwi.

Tatizo ni kwamba gari alilo nalo sasa halikusoma shule hiyo. Ni steshen wagoni ya mtumba iliyoteremka bandari ya Mombasa kutoka Japani, ikiwa haijatimiza ile miaka minane ambayo sheria yetu inairuhusu, na tangu hapo imezeekea mikononi mwake. Karatasi zake za mnada zilionyesha kuwa inatoka Hokkaido, kisiwa cha kaskazini ambako theluji hufukia magari mpaka madirishani. Dalili zipo mwilini. Viti vya mbele vina nyaya za kuwapashia waungwana makalio, na Mjomba amezifungia swichi kwa gundi baada ya Shangazi kukaa juu ya kimoja mchana wa Februari akidhani amepatwa na homa. Karibu na gia kuna kitufe cha theluji. Ukikibonyeza, gari huondoka kwa gia ya pili badala ya kwanza, ili tairi zisiteleze kwenye barafu. Mjomba hukibonyeza akifika kwenye mchanga mzito wa njia ya pwani, na ajabu ni kwamba kinasaidia.

Humo ndani yumo pia mwanamke wa Kijapani. Kila gari linapowashwa, husema maneno machache kwa heshima kubwa na sauti laini, na kwa muda mrefu Mjomba aliamini kuwa anasalimiwa, akawa anaitikia "Marahaba." Kijana mmoja wa Diani anayewaongoza watalii ndiye aliyetutolea siri: mama yule analalamika kwamba hajaiona kadi ya kulipia barabara kuu za kwao. Mjomba alifikiri kidogo. "Hata hivyo," akasema, "mtu akikuomba kwa adabu, humwachi bila jibu." Marahaba ikaendelea.

Sasa, injini ile ikishanguruma chini ya mwembe, Munje huamka kwa mara ya pili baada ya adhana. Wa kwanza kutokea ni mama karanga, na ndoo yake ya samaki wa kukaanga iliyofunikwa kwa gazeti, aelekea soko la Ukunda. Hufuatwa na bibi wa kliniki ya presha katika hospitali ya Msambweni, aliyeshikwa mkono na mjukuu, ambaye naye hugeuka kuwa abiria. Kisha huja gunia la nazi lisilo na mwenyewe. Atakuja kijana wa simu iliyopasuka kioo, ataka imfikie fundi. Atakuja mwalimu mwenye karatasi za mtihani. Ataletwa kuku aliyefungwa miguu, apelekwe kwa binti aliyeolewa Gazi, na maagizo kwamba asiwekwe karibu na yule bibi, ana mzio. Yote haya yanapangwa, yanafungwa kamba, yanagombaniwa nafasi, na Mjomba angali na kikombe chake. Hajasema anakwenda wapi. Wakati mwingine haendi popote. Amekumbuka tu kwamba gari halijawashwa tangu juzi.

Asiyefurahia ni Shangazi, kwa kuwa ekzosi imeelekea jiko lake la makuti. Mara kwa mara amemwomba mumewe aligeuze gari kichwa, na kila mara amejibiwa kwamba likigeuzwa jua litalipiga usoni. Si suala la kero tu. Katika moshi wa gari mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ileile inayotoka kwenye makaa, ambayo huko bara kila msimu wa baridi huua watu walioingiza jiko chumbani wakafunga madirisha. Jiko la Shangazi lina upepo pande zote nne, kwa hivyo hapati sumu, anapata hasira. "Udi kuninunulia hutaki," humwambia, "na moshi wa gari wanifukiza kila siku ya Mungu."

Mambo yangeendelea hivyo mpaka kiama, lau si ile safari ya Vanga.

Binamu yangu alikuwa amempata mchumba huko, na Mjomba aliteuliwa kuwa msemaji wa posa na vilevile dereva. Tulitakiwa tufike kabla ya adhuhuri. Wazee walivaa kanzu zilizopigwa pasi mpaka zikasimama zenyewe, kina mama walipanga sinia la halua na tambuu chini ya kitambaa cha kutarizi, na Mjomba akaliwasha gari mapema kupita kawaida kwa hoja kwamba safari ndefu yataka moto mrefu. Akashuka kwenda kumalizia chai. Ndani ya gari aliacha kofia yake ya vito, simu yake, bahasha ya posa, na ufunguo, ambao kwa wakati ule ulikuwa na kazi ya kufanya.

Mtoto mmoja akatumwa aliweke sinia kwenye kiti cha mbele na afunge mlango vizuri. Nasisitiza neno la mkubwa aliyemtuma lilikuwa "vizuri." Mtoto aliliweka sinia taratibu, akalinyoosha lisimwagike, akakibonyeza chini kile kifundo cha kufungia, akaufunga mlango, akaujaribu kama umeshika. Ulikuwa umeshika. Milango mingine mitatu Mjomba haiachi wazi kamwe, kwa ajili ya kuku.

Ilichukua muda kabla msiba haujaeleweka, kwa sababu gari lilikuwa linanguruma vizuri kuliko siku zote. Mjomba alivuta kitasa. Akavuta cha pili. Akazunguka, akavuta cha tatu na cha nne, akarudi cha kwanza akiwa na sura ya mtu anayedhani pengine mlango umebadili nia. Halua ilikuwa inatutazama kutoka ndani.

"Ufunguo wa akiba uko wapi?" akauliza binamu yangu, naye jasho limeshamharibia ukosi.

Mjomba akamtazama Shangazi. Shangazi akasema, kwa upole wa kutisha, "Ulisema utauweka mahali ambapo hautapotea."

Ulikuwa ndani ya droo ya gari.

Kwetu jambo la mmoja halikai kwa mmoja, na kundi lililokuwa likingoja kupanda, likiwa na samaki wake na nazi zake, liligeuka kamati. Vijana wa bodaboda walipendekeza kioo kidogo cha nyuma kivunjwe. Mjomba akasema kioo hicho kimevuka bahari kutoka Hokkaido kikiwa kizima na hakitavunjikia Munje. Mtu akasema betri ing'olewe. Boneti lakini hufunguliwa kwa kishikio kilicho ndani, na fundi wa baiskeli akaongeza kwamba injini ikishawaka haiitegemei betri, inajizalishia umeme wake. Mwalimu mstaafu alishauri tuketi tungoje petroli iishe, ushauri ambao kisayansi haukuwa na dosari. Kijana mwingine aliona njia ya mkato: akaokota kidaka chini ya mnazi, akakisokomeza kwenye ekzosi ili gari lipaliwe lizime. Gari lilishikwa na kwikwi, likatetemeka, Mjomba akashika kifua, kisha likakitema kidaka kwa kishindo hadi uani kwa Shangazi, ambako kiliangusha sufuria. Kuanzia hapo Shangazi alitangaza kwamba posa hiyo haina baraka.

Aliyetuokoa ni mzee mvuvi aliyekuwa anapita zake na mshipi begani, maana kusi lilikuwa limechafua bahari na hakuna aliyetoka siku hiyo. Hakusema neno. Alisogea dirishani, akakikodolea macho kile kifundo, akarudi nyuma hatua moja, akaomba kabari. Vijana wakaipachika kwenye pembe ya juu ya mlango, ikaachanisha chuma na mpira kiasi cha unene wa kucha. Mzee akapiga kitanzi katikati ya uzi wake wa nailoni, akaupenyeza pale penye mwanya, akashika ncha mbili za uzi, moja mkono wa kulia na nyingine mkono wa kushoto, akaanza kuuteremsha kwa kuuvuta huku na huku, taratibu, mpaka kitanzi kikawa kinaning'inia karibu na kifundo. Kilikivaa. Kikateleza. Kikakivaa tena. Watu wote walikuwa wameziba pumzi isipokuwa injini. Mzee akakaza ncha zote mbili, kitanzi kikabana shingo ya kifundo, akanyanyua.

"Kala," akasema.

Shangwe iliyopigwa pale haijapigwa kwa papa. Mjomba akafungua mlango, akaingia, akaketi, akatazama kipimo cha joto kwenye dashibodi. Tulingoja aseme alhamdulillahi. Akasema, "Haya, sasa imepata moto."

Tuliondoka. Ramisi tuliipita salama, na muda si mrefu baadaye, mahali ambapo kwa pande zote mbili hakuna kitu ila mashamba, gari likakohoa na kuzima. Mjomba huweka petroli kwa hesabu ya safari na si tone zaidi, na hesabu yake haikuwa imetenga fungu la kamati. Wazee wakashuka na kanzu zao wakasimama kivulini. Bodaboda ikatumwa, ikarudi na petroli kwenye chupa ya maji ya kunywa. Na gari lilipowaka, naapa, mkono wa Mjomba ulikwenda kwenye kitasa ili ashuke aliache lipate joto kidogo. Wazee wanne walimshika bega kwa pamoja.

Vanga tulifika watu wamekwisha swali, wamekwisha ngoja, na pilau imekwisha poa. Baba wa binti alikuwa muungwana, hakusema kitu. Alitazama saa tu, kisha akatutazama sisi. Mjomba, kwa ufasaha wa msemaji wa posa, akaeleza kwamba tulichelewa kwa sababu tulikuwa tunalipasha gari moto. Mzee yule akatafakari. "Samahani," akauliza, "mmetoka Munje, au mmetoka Urusi?"

Hilo tungelistahimili. Lakini bibi mmoja mkongwe aliyekuwa amejilaza kwenye mkeka pembeni, ambaye sote tulidhani amelala, aliinua kichwa akauliza kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, "Na bwana harusi naye hupashwa?" Kina mama walicheka mpaka wakashikana. Posa ilikubaliwa, lakini binamu yangu hadi leo akienda ukweni huulizwa kama injini iko tayari.

Kwa uchungu huo, binamu aliporudi alikwenda Ukunda akamleta fundi wa magari, kijana mwenye mashine ya kusomea kompyuta za magari, aje kumkalisha Mjomba chini. Fundi alikuwa na adabu. Alitoa shikamoo, akapewa chai, akaanza kwa kukiri kwamba kwa 504 ya kabureta Mjomba alikuwa na haki kabisa. "Lakini hili, Mzee, halina kabureta wala choki. Petroli inapulizwa na sindano, na kompyuta ndiyo inayopima joto la injini na kuamua kiasi. Asubuhi ukiliwasha, si mngurumo huwa juu, kisha unashuka wenyewe? Hiyo ndiyo choki yako, inajivuta na kujiachia." Akaeleza kwamba nusu dakika yatosha oili kupanda juu, kisha dereva aondoke polepole bila kukanyaga sana mpaka mshale wa joto upande. Gari likienda hupata joto haraka kuliko likisimama, na gia, beringi na tairi hazipati joto kamwe kwa kusimama chini ya mwembe. Tena, injini baridi hupewa petroli nyingi kupita kiasi, na ikikaa hivyo muda mrefu petroli ile huosha oili kwenye kuta za silinda na kuacha masizi. "Unadhani unaitibu," akasema, "kumbe unaichosha."

Mjomba akauliza habari za nchi za baridi ya kweli. Hapo tukampigia simu ya video binamu yetu mwingine aliyeko Edmonton, Kanada, ambako baridi huweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Akatuonyesha gari lake: waya wenye plagi unaning'inia puani, mbele ya redieta. Usiku huchomekwa ukutani, umeme ukaipasha injini moto ikiwa imezimwa, na kwenye maegesho soketi zimepangwa mstari. Mjomba alitazama plagi ile kwa muda mrefu. Huku kwetu stima ikikatika hata simu hazina chaji. Gari lingelala njaa.

Fundi akamalizia kwa hesabu. Injini ya ukubwa ule ikisimama inanguruma hunywa kati ya nusu lita na lita nzima kwa saa. Mjomba ni mtu ambaye tarehe 14 ya kila mwezi, EPRA inapotangaza bei mpya za mafuta, huzima redio kwa hasira kabla taarifa haijaisha. Alipiga hesabu ya asubuhi zake zote tangu alipolinunua gari, midomo ikicheza, kisha akaacha katikati. Alijaribu utetezi mmoja wa mwisho kwa Mjerumani mmoja mstaafu wa Diani ambaye yeye humuuzia maembe, akitumaini mtu wa theluji atamuunga mkono. Mjerumani akamwambia kwao ni marufuku: ukiiacha injini ikinguruma bure ili ipate joto, unaandikiwa faini. "Ndiyo maana wamehamia Diani," Mjomba akatuambia. Lakini alikuwa ameshindwa, na alijua.

Kesho yake aliwasha gari, akaitikia marahaba, akaondoka.

Munje haikuwa tayari. Mama karanga alitoka mbio na ndoo, akakuta vumbi. Bibi wa presha alifika chini ya mwembe mikono ya mjukuu ikiwa bado inamfunga mtandio, na presha ikapanda palepale bila msaada wa daktari. Gunia la nazi lilikaa siku kadhaa mpaka mbuzi wakalizoea. Mwalimu alichelewa shuleni na kuwaadhibu wanafunzi waliowahi. Hata Shangazi, ambaye ungedhani angechinja mbuzi wa shukrani, alijikuta amepika chakula cha mchana cha mtu ambaye yuko Lunga Lunga tangu asubuhi, kwa sababu hakusikia kitu na akadhani bado amelala.

Hapo ndipo ilipotudhihirikia sote jambo ambalo kompyuta ya fundi haikuwa na uwezo wa kulisoma. Injini ile haikuhitaji kupashwa moto. Fundi alisema kweli tupu. Waliohitaji ni sisi. Ule mngurumo ulikuwa ndiyo honi, ndiyo ratiba, ndiyo stendi. Watu wazima walikuwa wanaamkia huo, wanakaangia samaki huo, wanavalia huo, na hakuna aliyewahi kumshukuru Mjomba kwa sababu kila mtu alidhani anamsaidia kwa kumcheka.

Ujumbe wa wazee ukaja barazani. Walianza mbali, kama ada: hali ya bahari, bei ya sukari, afya ya mbuzi. Kisha mmoja wao akakohoa na kusema kwamba asubuhi za siku hizi zimekuwa na baridi sana, na gari la Mjomba linawatia huruma. Mjomba, ambaye hakuhitaji kuelezwa mara mbili, akasema na yeye analihurumia, ila petroli imepanda. Kukawa kimya cha watu wanaotafuta pochi.

Ndivyo lilivyoundwa kundi la WhatsApp la mchango wa kupasha gari moto. Usafiri wenyewe ni bure kama zamani, maana Mjomba hawezi kumlipisha jirani. Kinacholipiwa ni ile nusu saa ya kabla ya safari. Mweka hazina ni mama karanga, na hana mzaha. Shangazi amesamehewa mchango kwa masharti ya fidia ya moshi: kila mwezi sehemu ya fedha hununuliwa udi.

Kwa kuwa ni jambo la ukoo na kijiji, mama karanga alimwingiza kundini hata binamu yetu wa Edmonton, na mwezi wa Januari akamdai wazi mbele ya watu. Binamu akaandika kwamba atatuma kwa M-Pesa, wamsubiri tu kidogo: usiku uliopita baridi ilikuwa kali mno, alisahau kuchomeka ule waya wake ukutani, na sasa gari limegoma kuwaka, amesimama nje anangoja fundi.

Mjomba hapendi kuandika. Alituma ujumbe wa sauti, na nyuma ya sauti yake, juu ya kelele za kuku na ugomvi wa nani akae mbele, injini ilisikika ikinguruma bila makamasi hata kidogo.

"Mwanangu," alisema, "hukulipasha."